Barua kwa mwanangu anayekwenda kutazama nguo za Dior

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Lindi. Sisi wazima, bibi yako naye hajambo, anakusalimu.

Umeniandikia kuwa Jumamosi unakwenda makumbusho ya Dior hapo Paris, ila unawasindikiza wenzako tu kwa kuwa zile ni nguo za matajiri. Hapana, mama. Nenda ukatazame. Wewe umekulia miguuni pa cherehani.

Nyumba hiyo, namba 30 Avenue Montaigne, ndipo Christian Dior alipoonyesha nguo zake za kwanza, tarehe 12 Februari 1947. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi na vitambaa bado ni vya shida. Yeye akaleta sketi pana, zilizomeza mita kwa mita. Wako wanawake waliokasirika, na mimi nawaelewa. Lakini ukikuta koti lake liitwalo Bar, lile la hariri nyeupe-maziwa linalovaliwa na sketi nyeusi ya marinda, usiishie kusifu kiuno chembamba. Kiuno kile kimeundwa na fundi: koti limejazwa kwa ndani pale nyongani, ndipo kiuno kikaonekana kidogo.

Kisha kipo chumba cha toile, zote nyeupe. Hapo ndipo ukae. Toile ni nguo ya majaribio, hushonwa kwa kitambaa cha pamba kama marekani yetu kabla mkasi haujagusa kitambaa cha ghali. Gauni lililokamilika huficha kazi. Toile inakuonyesha kila kipande kilivyokatwa, na mkono ulivyopachikwa begani. Mteja akiniletea kitenge doti moja, hana kingine. Ndiyo maana huwa nakata kwanza shuka kuukuu.

Tazama na majina. Dior alifariki mwaka 1957, nafasi yake akaishika Yves Saint Laurent, kijana wa miaka 21. Mwanamke wa kwanza kuongoza ubunifu wa nguo za kike hapo Dior, Maria Grazia Chiuri, alikuja 2016, na wanawake ndio waliokuwa wakishona miaka yote hiyo! Sisi wa Lindi jambo hili la wafanyakazi kusahauliwa majina tunalijua. Mifupa ya dinosaria, mijusi wa kale wa kilima chetu cha Tendaguru, iliyoko Berlin ilibebwa vichwani na watu wa huku hadi bandarini, kati ya 1909 na 1913. Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji, alikumbukwa mwaka 2007, mjusi mmoja alipopewa jina lake. Wabebaji je? Kwa hiyo ukikuta fundi anashona mbele ya wageni, msalimie, muulize anaitwa nani.

Na kama wanaruhusu picha, nipigie lile koti kwa mgongoni, nione mishono inavyoshuka hadi nyongani. Korosho zikishauzwa, gauni za send-off zitakuwa nyingi, nami nataka kukijaribu kiuno kile kwa kitenge.

Mama yako