Kuhusu makala inayokukeshesha

Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata. Unasema ulikaa na kurasa nne za makala ya sosholojia ya Kiingereza tangu magharibi hadi usiku wa manane, na ukiulizwa mwandishi kasema nini, huna jibu. Hilo si geni. Lililoniuma ni pale uliposema labda chuo si saizi yako. Usirudie tena, tafadhali.

Kumbuka tulivyosomeshwa. Miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, na hata huko mwalimu alieleza kwa Kiswahili, akaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza. Tulizikariri tukafaulu. Kusoma makala ndefu na kufuata hoja yake hakuna aliyetufundisha. Mwaka 2000, watafiti Hu na Nation waliwapima watu wanaosoma Kiingereza kama lugha ya kigeni, wakaona kwamba ili mtu aelewe vizuri bila msaada anahitaji kujua maneno kama 98 kati ya kila 100. Na wao walitumia hadithi, si nadharia za sosholojia!

Lakini shoga, kamusi peke yake haitakuokoa. Wasomi wanaoandika makala kama hiyo yako hubana vitendo vikawa majina. Badala ya kusema wakulima walihama kwa kuwa bei ya mkonge ilishuka, mtu anaandika kitu kama "uhamaji wa wakulima utokanao na mporomoko wa bei ya mkonge unaashiria…", na bado hajafika anakokwenda. Ukikutana na sentensi hiyo, tafuta kitenzi kikuu, kipigie mstari kwa penseli, halafu jiulize: nani kafanya nini? Iandike pembeni kwa Kiswahili.

Tena kuna mtego mkubwa kuliko huo. Mara nyingi mwandishi hueleza kwanza hoja ya wenzake, hata kurasa mbili nzima, ndipo aipinge. Msomaji aliyechoshwa na kamusi haioni ile "lakini" inapoingia, na kwenye insha anampachika mwandishi maoni anayoyapinga. Kwa hiyo anza na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, ruka hadi hitimisho, ujue anaelekea wapi, ndipo urudi katikati.

Madesa, zile notisi fupi wanazopeana wanafunzi, yasikudanganye, yanasaidia usiku wa kuamkia mtihani tu. Sisi hukaa kwenye vimbweta, yale madawati ya nje ya chuo, watu wanne, tukajadili makala moja kwa Kiswahili mpaka ieleweke, ndipo kila mtu aandike kwa Kiingereza chake. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni ushamba. Mimi naona vyuo vingetenga saa rasmi za kazi hiyo, maana wanaoachwa nyuma ni watoto wa shule za kata, na kichwani hawajapungukiwa kitu.

Nipigie picha ukurasa uliokusumbua zaidi unitumie. Jumamosi baada ya adhuhuri nitakupigia tuusome sentensi kwa sentensi. Mama nisalimie sana.

Wako akupendaye