Kukoroga hakuongezi kitu: barua kwa mwanangu kuhusu chumvi na maji

Bombo, Uganda

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na karatasi ya jaribio la kemia nayo imefika. Swali la nne limekunyima alama tatu, na mwalimu hakukuonea. Umeandika kwamba umumunyifu wa chumvi huongezeka "ukiisaga, ukiikoroga na ukiipasha moto". Katika hayo matatu, moja tu ndilo kweli, tena kwa chumvi ya jikoni ni kweli kidogo mno. Kusaga na kukoroga ni habari ya kasi. Umumunyifu ni habari ya kikomo: ni gramu ngapi za kitu maji gramu 100 yanaweza kubeba kwenye joto fulani, hata ukisubiri hadi kesho.

Tuanze na neno lenyewe. Nyumbani tunasema sukari imeyeyuka kwenye chai na samli imeyeyuka kwenye sufuria, neno moja kwa mambo mawili. Samli ilihitaji moto tu. Sukari ilihitaji maji. Ndiyo maana kwenye kemia tunasema sukari humumunyika, na neno hilo limetoka kinywani: mtoto humumunya peremende mpaka iishe. Sukari kavu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 186, na ulimi wako una nyuzi 37, kwa hiyo kinachoimaliza peremende ni mate wala si joto. Mwanafunzi anayeandika "kuyeyuka" mahali pa "kumumunyika" hukosa alama bila kujua kwa nini.

Ukija likizo utafanya hili mezani, ile mizani ya kupimia unga wa mandazi inatosha. Pima maji gramu 100 kwenye glasi, yaliyokaa ndani ya nyumba mpaka yawe na joto la chumba. Pima chumvi gramu 50 pembeni. Tia kijiko kimoja cha chai, koroga mpaka isionekane, tia kingine. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 6. Vijiko vitano vya mwanzo vitapotea bila shida, cha sita kitakuchosha, cha saba kitakaa chini na hakitaondoka. Pima chumvi iliyobaki upate uliyotia, kisha kadiria ile iliyolala chini: maji yatakuwa yamechukua karibu gramu 36. Maji yakionekana na ukungu, usishtuke. Baadhi ya chumvi za pakiti huchanganywa na unga wa kuzuia zisigandamane, na unga huo haumumunyiki. Ule ukungu si chumvi iliyoshindikana.

Sasa koroga saa nzima ukitaka. Haitapungua. Maji yameshiba.

Kushiba huku ndiko watu wengi wanakokuelewa vibaya, wakidhani kazi imesimama. Haijasimama. Chembe za chumvi, yaani ayoni za sodiamu na za kloridi, zinaendelea kung'oka kutoka kwenye punje na kuingia majini, na nyingine kutoka majini zinarudi kukaa kwenye punje. Kabla ya kushiba, zinazoondoka ni nyingi kuliko zinazorudi. Maji yakishiba, zinazoondoka na zinazorudi ni sawa kwa sawa. Funika glasi hiyo wiki nzima: uzito wa chumvi ya chini utabaki ule ule, lakini punje zitabadilika sura, kona zitajijenga na punje ndogo zitashikana. Sasa fikiria kijiko kinafanya nini. Maji yaliyogusa punje hushiba kwanza, yakaizunguka kama shuka. Kijiko huyaondoa hayo na kuleta maji yenye njaa. Kusaga nako huongeza uso wa punje unaoguswa na maji. Yote mawili huharakisha safari, lakini mwisho wa safari uko pale pale, gramu 36.

Moto je? Kwa chumvi ya jikoni, kutoka nyuzi 20 hadi 100 kikomo hupanda kutoka karibu gramu 36 hadi karibu 39 tu. (Hapa kwetu hata hizo 100 hatuzifikii. Kwenye mwinuko wa Kampala, mita kama 1,200, maji huchemka karibu na nyuzi 96.) Linganisha na nitreti ya potasiamu, ambayo kwa Kiswahili cha zamani ni shura: gramu 32 kwenye nyuzi 20, gramu 110 kwenye nyuzi 60. Ukichora grafu, mstari wa chumvi umelala na wa shura unapanda kama ngazi. Sukari iko juu ya yote mawili, gramu 200 na ushee hata kwenye joto la chumba, ndiyo maana chai haijawahi kushindwa na sukari ya mtu.

Mstari uliolala una maana kubwa kwa yeyote anayetaka kupata chumvi kutoka majini. Shura unaipata kwa kupoza. Chumvi ukiipoza hupati kitu, lazima uyafukuze maji yenyewe. Uganda ina mahali pawili pa kuliona hilo kwa macho.

Kibiro, chini ya genge kando ya Ziwa Albert, wanawake hutoa chumvi kwenye udongo. Chini ya ardhi yao kuna maji ya moto yenye chumvi. Hutandaza udongo mkavu, uliolegea, juu ya viwanja vyao. Udongo hunyonya unyevu wa chumvi kutoka chini, jua linakausha, chumvi inabaki kwenye udongo. Baada ya siku kadhaa wanaukwangua, wanautia kwenye chombo chenye matundu chini na kumwagia maji. Yanayodondoka kwenye chombo cha pili ni maji ya chumvi, nayo huchemshwa kwa kuni mpaka chumvi ijitokeze. Udongo uliochujwa haumwagwi, hurudi kiwanjani kunyonya tena. Soma hapo kemia yote: kumumunyisha, kuchuja, kuvukiza.

Na uone hesabu ya kuni. Maji ya kuchuja yakiwa na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za maji, lazima ufukuze kama gramu 74 za maji kabla ya punje ya kwanza kuonekana, kwa sababu kwenye maji yanayochemka gramu 10 hushibisha gramu 26 tu. Yakiwa na gramu 20, unafukuza gramu 49. Anayemwaga maji mengi ovyo juu ya udongo analipa kwa kuni.

Katwe, kule Kasese, jua ndilo jiko. Ziwa lina kina kidogo, halina mto wa kulitoa maji, na watu wamegawa kingo zake kuwa vidimbwi ambamo maji hukauka wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha inaongeza maji yenye njaa na chumvi inarudi majini. Tena maji ya Katwe hayana chumvi ya jikoni peke yake, yana salfeti na kaboneti ya sodiamu pia, na kila moja hushiba kwa wakati wake. Ndiyo sababu chumvi inayotolewa kwenye vidimbwi na ile ya mawe inayong'olewa chini ya ziwa si kitu kimoja, wala hazina bei moja.

Turudi maabara, kwa sababu hapa ndipo alama zinapotoroka. Ukiambiwa upime umumunyifu: tengeneza mmumunyo ulioshiba (maji yaliyobeba kitu hadi kikomo), hakikisha kuna mabaki chini (kama hakuna mabaki, huna ushahidi kwamba umeshiba), andika joto, kisha mimina maji ya juu peke yake kwenye bakuli la kuvukizia ulilokwisha kulipima. Pima tena. Kausha juu ya sufuria ya maji yanayochemka, si juu ya moto mtupu. Poza, pima. Rudia kukausha na kupima mpaka uzito usibadilike.

Tuseme mmumunyo ulikuwa gramu 25.0 na chumvi iliyobaki gramu 6.6. Wengi hugawa 6.6 kwa 25 na kuandika 26.4. Hapana! Ndani ya gramu 25 kuna chumvi yenyewe. Maji ni 25.0 toa 6.6, yaani 18.4. Gawa 6.6 kwa 18.4, zidisha kwa 100, unapata 35.9. Jibu likiwa dogo kuliko inavyotakiwa, huenda chumvi iliruka nje ya bakuli kwa moto mkali. Inapasuka kama mahindi ya bisi. Likiwa kubwa, ama hukukausha vya kutosha ama ulimimina na punje za chini.

Gesi zinakwenda kinyume: joto linazifukuza. Soda iliyokaa juani ukiifungua inakumwagikia. Maji safi usawa wa bahari hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 20, na 7.6 tu kwenye nyuzi 30. Kwenye mwinuko wetu ni pungufu zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Wafugaji wa samaki wa mabwawa wanalijua hili bila grafu. Samaki wakipanda juu kutweta alfajiri, baada ya usiku mzima wa mimea kutumia oksijeni bila jua la kuirudisha, hawalishwi asubuhi hiyo.

Kutengeneza mmumunyo wa kipimo, mkitaka kaboneti ya sodiamu ya mola 0.1 kwa lita (mola ni kipimo cha kemia cha kiasi cha kitu), mililita 250: mola moja ya kaboneti hiyo ni gramu 106, kwa hiyo lita nzima inataka gramu 10.6 na robo lita gramu 2.65. Imumunyishe kwanza kwenye bika, ile glasi ya maabara, kwa maji kama mililita 100, mimina kwenye chupa ya shingo ndefu yenye alama, suuza bika mara mbili tatu na suuzo zote ziingie humo humo. Jaza karibu na alama, malizia kwa matone mpaka chini ya mbinuko wa maji iguse alama, jicho likiwa usawa wake. Funga, pindua mara kumi. Kosa la kawaida ni kupima maji mililita 250 na kutia unga ndani yake: hapo ujazo wa mmumunyo hukuupima. Ukipitisha alama usinyonye ziada; umenyonya na kaboneti. Anza upya.

Kuhusu mashapo, yaani vitu visivyomumunyika vinavyojitenga mimumunyo miwili ikichanganywa, kumbuka nitreti zote humumunyika, na chumvi za sodiamu, potasiamu na amonia nazo hivyo hivyo kwa kazi za kidato chako. Kloridi nazo humumunyika, isipokuwa za fedha na risasi. Hiyo ya risasi ina tabia yake: ni nyeupe, ukiipasha moto ndani ya maji yake inapotea, ukiipoza inarudi kama sindano zinazometameta. Ukiona hivyo, andika yote mawili, kupotea na kurudi.

Nikuachie moja ya kunijibu. Una gramu 80 za mmumunyo wa shura ulioshiba kwenye nyuzi 60, unaupoza hadi nyuzi 20. Zitatoka gramu ngapi? Ukipata 62, umehesabu gramu 80 kana kwamba zote ni maji. Jibu halifiki 30.

Wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako