Hukamatwa Kiongozi Kwanza, Fujo Hufuata

Mhariri,

Kila walimu au madaktari wakigoma, hakosi msomaji wa kuandika katika ukurasa huu kwamba vyama vya wafanyakazi ndivyo viletavyo fujo, na kwamba zamani watu walikuwa na adabu kazini. Zamani ipi? Mimi ni mzee wa Changamwe, nimekula mshahara wa bandari miaka mingi, na hiyo zamani tulisimuliwa na waliokuwapo. Ukizipanga tarehe zake utaona kwamba moto huwaka pale serikali inapomtia ndani mtu ambaye ingeweza kuzungumza naye.

Tuanze na 1922. Walowezi walikuwa wamepunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi, kipande, kitambulisho cha lazima, kinaning'inia shingoni, na wasichana wanasombwa kwenda kufanya kazi mashambani. Harry Thuku, mpokea simu wa serikali, aliyasema haya hadharani. Chama chake hakikuwa cha wafanyakazi kama tuvijuavyo leo, lakini alipokamatwa tarehe 14 Machi watu wa Nairobi waliacha kazi zao. Tarehe 16 walikuwa wamefurika mbele ya kituo cha polisi. Wajumbe walipotoka kuonana na wakubwa wakawaomba watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake, akawaambia wanaume wampe suruali zao. Umati ukasogea, askari wakafyatua risasi, na wazungu waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Serikali ilihesabu maiti 21; wengine walihesabu nyingi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Leo barabara ipitayo mbele ya hoteli ile ndiyo inayoitwa Harry Thuku.

Sasa tuje kwetu Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma: makuli, watu wa reli, wapishi wa hotelini, hata maboi wa majumbani. Siku kumi na mbili bandari imelala. Watu wakikutana Kiwanja cha Maskini (jina lenyewe latosha kueleza madai), na mji haukuchomwa. Viongozi walikuwa huru na walisikilizwa, kwa hiyo Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja na ahadi ya baraza la kuchunguza mishahara, alipata wa kumpokea. Baraza hilo liliongozwa na Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Kenyatta kule Kapenguria. Nyongeza ikapatikana.

Serikali ilijifunza nini? Agosti mwaka huo huo ilimkamata Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers' Federation, chama kilichozaliwa na mgomo wetu, ikamtupa Kabarnet miaka kumi. Septemba, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma. Polisi wakapiga risasi, watatu wakafa.

Na 1950 ni hivyo hivyo. Machi, Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, huku wafanyakazi wake wakibanana vyumbani na kukimbizana na askari wa manispaa. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akatamka kwamba nchi ipewe uhuru kamili. Mei 15 yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa. Mei 16 mgomo ukaanza: waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Jibu likawa virungu, vitoa machozi na magari ya deraya, na ndege za kivita angani. Kuogopesha wapishi na wafagizi!

Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Kifungo chake kilikuwa kirefu kuliko cha Kenyatta, na hakuwa hata na kesi ya mauaji wala ya wizi.

Sikatai kwamba wagomaji nao hurusha mawe. Nimeyaona kwa macho yangu langoni mwa bandari. Lakini siku nilizoyaona, katibu wetu alikuwa korokoroni tangu alfajiri, na meneja analalamika kwenye redio kwamba hajui azungumze na nani.

Kwa hiyo nina ombi kwa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi. Leba Dei ijayo, kabla mgeni wa heshima hajatangaza nyongeza yake, yasomwe jukwaani majina matatu: Nyanjiru, Kibachia na Makhan Singh. Hayazidi dakika moja, na sisi wazee tutasimama juani bila kulalamika.

Kuli mstaafu,
Changamwe, Mombasa