Yah: Malalamiko kuhusu nyutro iliyoungua na namna tulivyotendewa

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninyi ndio mliofunga umeme wa ukumbi wetu wa kompyuta, yaani fezi (nyaya tatu zinazoleta umeme) na nyutro (waya wa pamoja wa kuurudisha). Masharti ya dhamana ya kazi zenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia.

Fundi wenu mkuu, alipoitwa kwa mara ya tatu kwa sababu ya harufu ya plastiki inayoungua, alibana mita yake kwenye fezi moja baada ya nyingine, akasoma takriban ampea 40 kwa kila moja, kisha akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba umeme hauna tatizo, ila tumeficha birika za umeme chini ya meza. Nilimwomba kwa heshima apime na nyutro. Alijibu kwamba fezi zikilingana nyutro haibebi kitu, na kwamba hakuja kufundishwa kazi na mtu wa ofisini.

Maneno hayo ni sahihi kwa hita na mota, lakini si kwa ukumbi wa kompyuta. Pawa saplai ya kompyuta, hasa isiyo na saketi ya kurekebisha mkondo, hunyakua umeme kwa mapigo mafupi volteji inapofika kileleni, na mapigo hayo huzaa hamoniki, yaani mikondo ya ziada inayotetemeka kwa kasi mara kadhaa ya ile ya umeme wenyewe. Hamoniki ya tatu, yaani hezi 150 kwenye umeme wa hezi 50, haifutani ndani ya nyutro ya fezi tatu bali hujumlika, hata nyutro ikaweza kubeba mara 1.73 ya mkondo wa fezi moja, na kwa kawaida haina breka ya kuilinda. Mchoro mliousaini ulionyesha kompyuta 120, na bado mlifunga nyutro nyembamba kuliko fezi.

Fundi mwingine, niliyemlipa mwenyewe, alikuja na mita inayosoma thamani halisi ya mkondo uliopindika. Fezi zilikuwa na ampea 47, nyutro 74. Mita ya fundi wenu ilisoma pungufu hata kwenye fezi! Na kiungio cha nyutro kilikuwa kimeanza kubadilika rangi tangu ziara yenu ya kwanza, mkakaza skrubu tu na kuondoka.

Narudia tukio lile, kwa maana sijalisahau hata siku moja. Aliyekuwa wa kwanza kunusa moshi ni dada wa mapokezi, na ndiye ambaye fundi wenu alimwamuru afungue droo zake, wenzake wakitazama, ili birika itafutwe. Haikuwepo. Hakumwomba radhi, alifunga boksi la swichi, akasema tusimwite tena kwa mambo ya kitoto. Wakati huohuo nyutro ilikuwa inaiva nyuma ya mgongo wake. Ingekatika, volteji ingeyumba kati ya fezi na kuunguza vifaa vyetu, kama si jengo lenyewe.

Nilikusudia kuomba nyutro ibadilishwe tu. Sasa nataka kila saketi ipewe nyutro yake na nyutro kuu iwe na unene maradufu wa fezi, kwa gharama zenu. Nirudishiwe malipo ya fundi wa pili. Na dada yule aombwe radhi kwa maandishi yenye saini yako, si ya fundi. Nawapa siku 7. Zikipita, vipimo, picha na mchoro wenu vitafika kwa mwanasheria wangu na kwa mamlaka iliyowapa leseni, na hapo sitaomba tena matengenezo, bali fidia kamili na kufutwa kwa leseni hiyo.

Wako,
Mkuu wa ofisi