Nyota tano hazimgeuzi mgonjwa kitandani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu namna ya kumchagulia mzazi nyumba ya wazee huku Marekani ilitoa ushauri mzuri kwa kiasi chake: tembelea, nusa hewa ya korido, angalia kama wazee wamevaa nguo safi, kisha tazama nyota kwenye tovuti ya serikali. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, hapa Massachusetts. Ni kazi inayofanywa na wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, na naomba nafasi niongeze jambo ambalo mwandishi alilipita mbio. Zipo kumbukumbu za wazi, za bure, zinazoonyesha Jumapili nyumba huwa na watu wangapi kazini. Familia chache sana huzifungua.

Sababu naielewa. Mzee kapata kiharusi, hospitali inakihitaji kitanda chake, na afisa wa ustawi wa jamii anawapa karatasi yenye majina ya nyumba kadhaa akitaka jibu kesho asubuhi. Mnakimbilia iliyo karibu. Mnapokewa na mtu wa masoko, mnaonyeshwa piano na ukumbi wa mazoezi ya viungo. Siku hiyo ninyi ni mgeni wa siku ya kwanza. Mchele na panza mtapewa.

Nianze na nyota, maana ndizo zinazowapoteza watu. Tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, iitwayo Care Compare huipa kila nyumba nyota 1 hadi 5, utaratibu ulioanza 2008. Nyota ya jumla huchanganya mambo matatu: ukaguzi, wafanyakazi, na vipimo vya afya ya wakazi. Nyota za ukaguzi hugawiwa kwa kuzishindanisha nyumba za jimbo moja. Asilimia 10 zilizo bora hupata tano na asilimia 20 za mkiani hupata moja, jimbo zima liwe zuri au liwe baya. Kwa hiyo nyota nne za ukaguzi za Texas na nne za Massachusetts hazikupimwa kwa mizani moja. Vipimo vya afya navyo hutegemea sana taarifa zinazojazwa na nyumba yenyewe. Kuna kipimo cha dawa kali za akili, ambazo nyumba nyingine huwapa wazee ili watulie. Kipimo hicho hakimhesabu mkazi mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaotibiwa kwa dawa hizo. Basi zikatokea nyumba ambamo wazee wenye ugonjwa wa kusahau waliandikiwa skizofrenia uzeeni, bila dalili yake yoyote huko nyuma, mpaka Januari 2023 serikali ya shirikisho ikatangaza kuanza kukagua majalada yao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, humwambia azipite nyota, ashuke chini kwenye ripoti yenyewe ya ukaguzi. Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na kati ya ukaguzi mmoja wa kawaida na mwingine haipaswi kupita zaidi ya miezi 15. Malalamiko yanaweza kuwaleta hata katikati. Waliyoyaona huandikwa kwenye fomu namba 2567, ambayo yeyote anaweza kuisoma, wakazi wakitajwa kwa namba badala ya majina. Kila kasoro hupewa herufi kuanzia A hadi L. Watu hushtuka wakikuta nyumba ina kasoro tisa, lakini idadi peke yake haisemi mengi. Nyingi huwa D au E: hakuna aliyeumia, ila angeweza kuumia. Ikifika G, kuna mtu kaumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo, mambo kama mzee mwenye kusahau kutoka nje usiku wa baridi na zamu nzima isijue.

Soma maelezo, usiishie kwenye herufi. Mimi hunitisha zaidi kasoro moja inayorudi ukaguzi baada ya ukaguzi kuliko G moja iliyorekebishwa. Vidonda vya kulalia huandikwa chini ya namba F686, ajali na kuanguka chini ya F689, na upungufu wa wafanyakazi F725. Namba moja ikijirudia mwaka hadi mwaka, zile ahadi za marekebisho zilizoandikwa baada ya kila ukaguzi ni wino tu. Asiyetaka kusoma kurasa zote atumie Nursing Home Inspect ya shirika la habari la ProPublica, akatafute neno analolihofia. Na pale Care Compare, jina la nyumba likiwa na duara jekundu lenye kiganja, ujue imewahi kupatikana na kosa la unyanyasaji. Angalia pia kama nyumba imebadilisha mwenye mali karibuni, maana ripoti nzuri unayoisoma huenda ni ya uongozi uliokwisha kuondoka.

Sasa nije kwenye kumbukumbu ninayoiamini kuliko zote, ya saa za wafanyakazi. Zamani nyumba ilijaza fomu yenyewe, kwa wiki mbili tu zilizotangulia ukaguzi, na sote tunajua wiki hizo huwaje, maana ukaguzi hunuswa mapema hata usipotangazwa. Tangu 2016 kila nyumba inalazimika kupeleka serikalini, kila robo ya mwaka, saa za kila siku zinazotokana na orodha ya mishahara. Takwimu hizo zilipoanza kutumika kwenye nyota mwaka 2018, waandishi wa Kaiser Health News walizichambua wakakuta kwamba nyumba nyingi zilikuwa na wauguzi wachache kuliko zilivyokuwa zikijitangazia, na Jumamosi na Jumapili hali ikizidi kuwa mbaya.

Takwimu huandikwa kama saa kwa mkazi kwa siku, na hapa ndipo familia hudanganyika. Ukisoma saa 3.6 unadhani mtu atakaa na mama yako muda wote huo. La. Ni saa zote za uuguzi za siku nzima, zamu zote, zikagawanywa kwa idadi ya wakazi, na ndani yake yumo hata mkurugenzi wa wauguzi aliyeshinda ofisini na mafaili. Anayemgeuza mama kitandani, anayemwosha na kumlisha, ni CNA. Itafute namba yake peke yake. Piga hesabu. Nyumba ya wakazi 100 yenye saa 2.4 za CNA kwa mkazi ina saa 240 kwa siku, sawa na watu 30 wa zamu ya saa nane. Wagawe: 12 asubuhi, 11 jioni, 7 usiku. Asubuhi kila mmoja ana wazee wanane au tisa. Ni kazi ngumu lakini inafanyika. Shusha namba hiyo hadi 1.6 na utabaki na watu 20: wanane asubuhi, saba jioni, watano usiku. Usiku mtu mmoja ana wazee ishirini, na anayepaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hageuzwi, hata CNA awe na moyo wa malaika. Kidonda cha kulalia huanzia kwenye hesabu hiyo.

Usidhani sheria itakufanyia kazi hii. Massachusetts tangu 2021 inadai saa 3.58 za uuguzi kwa mkazi kwa siku. Kanuni ya shirikisho ya 2024, iliyotaka saa 3.48 nchi nzima, ilibatilishwa na mahakama huko Texas mwaka uliofuata. Katika majimbo mengi unachunguza peke yako.

Ukishaipata namba ya CNA, linganisha saa zote za uuguzi za wiki nzima na zile za Jumamosi na Jumapili. Tovuti inazionyesha zote mbili. Kisha tazama asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi katika mwaka. Wastani wa jimbo na wa nchi umeandikwa pembeni. Nyumba inayopoteza watu wake ovyo huzibwa na watu wa wakala, wageni wa kila siku wasiojua kwamba mzee wa chumba cha mwisho hula tu akiitwa kwa jina lake la nyumbani. Kati ya nyumba ya nyota tano zilizobebwa na vipimo ilivyojijazia, na ya nyota tatu yenye CNA wa kutosha wasiohamahama, mzazi wangu ningempeleka hiyo ya pili bila kusita.

Kumbukumbu hizi zina upungufu wake. Hutoka zikiwa zimechelewa miezi kadhaa, na saa iliyolipwa haionyeshi ilitumikaje. Ziara bado inahitajika, ila nenda Jumapili alasiri, si Jumanne saa nne asubuhi uliyopangiwa. Sheria inaitaka nyumba ibandike kila siku, mahali pa wazi, idadi ya wakazi na ya wauguzi na CNA wa kila zamu. Isome karatasi hiyo, kisha tembea korido ukiwahesabu.

Na kwa wenzangu wanaotua leo na kuingia darasa la CNA: namba hizo hizo zisomeni kabla ya kusaini mkataba. Nyumba yenye bonasi nono ya kuanza kazi na asilimia kubwa ya wanaoondoka imeshawaambia kila kitu. Na mkiwa ndani, karatasi ya ukutani ikisema CNA sita nanyi mko wanne, pigeni simu idara ya afya ya jimbo. Malalamiko hupokewa hata bila jina, na wakaguzi wakithibitisha mliyoyasema, itaandikwa 2567 ambayo familia inayofuata itaisoma.

Msomaji wenu,
CNA wa zamu ya usiku,
Lowell, Massachusetts