Nyuki wangu hawamo kwenye muujiza wenu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari. Ripoti ya Jumapili juu ya "muujiza" wa mashamba makubwa ndiyo imenitoa kimyani. Kurasa mbili za mavuno kwa hekta, na mazingira sentensi moja, chini ya picha ya trekta.

Mimi nafuga nyuki. Nilikuwa na mizinga kumi na minne ikipakana na shamba la alizeti ambalo mwisho wake huuoni kwa macho. Msimu uliopita, alizeti imechanua, wakapita na dawa saa sita mchana, jua la utosi, nyuki wote wako mauani. Hakuna aliyekuja kunitahadharisha. Jioni nikawakuta wametapakaa chini ya mizinga, wengine bado wanazunguka kwa mgongo, ndimi nje. Niliwazoa kwa beleshi, Mhariri, kwa beleshi! Nikajaza debe, nikampelekea msimamizi. Akalichungulia, akasema, "Mzee, hiyo dawa ni ya wadudu." Kumbe nyuki ni mbuzi! Na alizeti hiyohiyo inawategemea nyuki ishike mbegu vizuri. Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za wadudu za jamii iitwayo neonikotinoidi zisitumike mashamba ya wazi tangu 2018, kwa ajili ya nyuki. Mwandishi wenu alikuwa wapi?

Mbolea nayo mmeisifu tu. Karibu nusu ya naitrojeni, kirutubisho cha mbolea, inayomwagwa mashambani mazao hayaipati. Huko Marekani, Mto Mississippi huikokota hadi Ghuba ya Mexico, mwani unashamiri, ukioza unamaliza oksijeni, na samaki asiyekimbia mapema anakufa. Hayo hutokea kila mwaka, si siri.

Halafu ukurasa wa nne, tangazo la dawa, limepambwa kipepeo! Onyo lenyewe limeandikwa kwa herufi ambazo hata kwa miwani yangu mpya sikuziona. Tangazo na ripoti vilipangwa na mtu mmoja?

Ushauri wangu: huko Sichuan, China, wapo wakulima wa peasi wanaochavusha maua kwa mkono, brashi kwenye mti. Basi kila anayenyunyiza mchana apewe brashi, namba mbili, na ngazi ya kukunja, achavushe ua kwa ua. Msimamizi wetu aanzie upande wa mizinga yangu. Saa sita mchana.

Mfuga nyuki (sasa mizinga mitatu)