Asante kwa fundi wa bawaba, popote ulipo

Kuna mtu nisiyemjua jina wala sura, na leo namshukuru hadharani.

Nilikuwa nasanifu kwenye kompyuta kifaru cha T-34, kile cha kivita cha Kisovieti, kwa matofali ya LEGO. Vyote vilikaa isipokuwa bamba la mbele. Kwenye kifaru chenyewe, bamba hilo la chuma cha milimita 45 limelala nyuzi 60 kutoka wima, na matofali ya mshazari niliyokuwa nayo hayakunipa mlalo huo bila kuacha mwanya. Nilipoomba ushauri, wengi waliniambia nijenge kifaru kingine. Ushauri gani huo!

Fundi huyu yeye aliomba faili la usanifu wangu. Akafumua sehemu ya mbele tu, mengine akayaacha nilivyoyapanga. Bamba akalitundika kwa bawaba mbili juu, chini likaegemea bila kubanwa. Ubavuni akayalaza matofali kwa upande, akanieleza na hesabu yake: vibamba vitano (yale matofali membamba ya LEGO) vikipangwa juu kwa juu vina kimo cha milimita 16, sawasawa na upana wa tofali lenye vinundu viwili, yaani vile vichomozo vya juu, ndiyo maana vinaingiana bila pengo. Kisha akanirudishia faili pamoja na picha za kila hatua, na kwa vipande adimu akanitajia mbadala.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba aliboresha kazi yangu bila kuigeuza kuwa yake. Enyi wajuzi, mkiombwa msaada, ombeni faili kabla ya kutoa maoni.

Nawe ndugu yangu, bamba limekaa. Sasa nahangaika na minyororo ya magurudumu.